Nani anaamua kwamba kompyuta imezeeka?

Tangu Oktoba 2025 swali moja limezoeleka kwenye vibanda vya mafundi wa kompyuta, Mwanjelwa jijini Mbeya na hata Miyomboni kule Iringa: "Fundi, laptopu inaniambia haikubali Windows 11. Ndiyo basi tena?" Muulizaji anaweza kuwa mwalimu wa sekondari mwenye alama za wanafunzi wake humo ndani, mama wa steshenari anayepiga fotokopi na kuchapa barua za watu, au mwanafunzi wa chuo aliyenunuliwa laptopu hiyo na kaka yake. Jibu analopewa mara nyingi ni la haraka: imepitwa na wakati, tafuta nyingine. Na hiyo nyingine, ukiitazama vizuri, ni mtumba kama ile ya kwanza, Dell au HP iliyotoka kwenye ofisi fulani Ulaya, ila imetengenezwa miaka miwili mitatu baadaye.

Jibu hilo linanisumbua. Lina gharama kubwa kwa mtu ambaye fedha zake huingia kwa msimu, viazi vikivunwa au parachichi zikipata mnunuzi, na kwa mashine nyingi si la kweli. Ndani yake yamefungwa pamoja mambo kadhaa: chuma, programu, leseni na ahadi ya kampuni. Ukiyafungua moja moja unaona kwamba kilichofika mwisho ni ahadi peke yake.

Kilichotokea ni hiki. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa viraka vya kawaida, yaani marekebisho ya makosa ya programu, kwa Windows 10, mfumo endeshi (programu kuu inayoendesha kompyuta) uliotoka Julai 2015. (Uliwekwa mpango wa nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani wanaojiandikisha, nao ulipangwa kuishia Oktoba 2026.) Windows 11 ilitoka Oktoba 2021 ikiwa na masharti makali ya vifaa: chipu ya usalama iitwayo TPM, toleo la 2.0, na kwa mashine za Intel karibu zote, prosesa (chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta) ya kizazi cha nane kwenda juu. Kizazi hicho kilianza kuuzwa 2017. Kwa hiyo laptopu ya Core i5 ya kizazi cha sita au cha saba, yenye ramu ya GB 8, inayofungua mafaili na mtandao bila kukwama, inaachwa nje. Nyingi kati ya hizo hata TPM 2.0 zinayo, prosesa yao tu haimo kwenye orodha.

Microsoft ina hoja yake, na haifai kuidharau. Prosesa mpya zina njia za kutenganisha sehemu nyeti za mfumo ambazo za zamani hazina, au zinazo lakini zinafanya kazi kwa kujikokota. Hata hivyo jiulize ni kipi kilichobadilika ndani ya laptopu yako usiku wa tarehe 14 kuamkia 15. Hakuna. Prosesa haina gurudumu linalolika wala mkanda unaolegea. Iliyokuwa ikijumlisha hesabu sawasawa Jumanne iliendelea kujumlisha sawasawa Jumatano. Kilichobadilika kilitokea mbali sana na Mbeya, ndani ya kampuni moja: iliacha kuziba matundu.

Jambo hilo si dogo. Mfumo endeshi ni mamilioni ya mistari ya maagizo iliyoandikwa na binadamu, na binadamu hukosea. Baadhi ya makosa ni matundu ambayo mtu mwenye nia mbaya anaweza kuyapitia akasoma mafaili yako au akaifunga mashine nzima akidai fedha. Microsoft hutoa viraka vyake Jumanne ya pili ya kila mwezi, na kila kiraka ni tangazo pia: kinamwambia mwizi kwamba hapa palikuwa na tundu. Anayeziba amepona. Asiyeziba amebaki na mlango ambao ramani yake sasa inajulikana na dunia nzima. Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha tundu moja katika namna Windows inavyoshirikisha mafaili kwenye mtandao. Mei mwaka huohuo kirusi kiitwacho WannaCry kilipita kwenye tundu hilohilo, na hospitali nyingi za umma za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu. Kiraka kilikuwepo kwa miezi miwili. Mashine nyingi hazikuwa nacho. Kwa hiyo simwambii mtu yeyote aendelee na Windows 10 isiyo na viraka kana kwamba hakuna kilichotokea, hasa kama humo anaingilia benki au anatunza taarifa za wateja.

Swali linalofuata ndilo kiini cha makala hii. Kama Microsoft imechoka kuziba matundu ya Windows 10, kwa nini wengine wasizibe? Dunia ina mafundi wa programu wengi, na pengine kuna kijana Iyunga, pale Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, ambaye angeweza kuona kosa na kulirekebisha. Kwa nini asifanye?

Programu huzaliwa ikiwa maandishi. Mtu anaandika maagizo kwa lugha ya kuprogramu ambayo mwenzake anaweza kuisoma: chukua hiki, linganisha na kile, kama ni kikubwa fanya hivi. Maandishi hayo ndiyo msimbo chanzo. Halafu programu nyingine huyageuza kuwa mfuatano wa tarakimu ambao prosesa inauelewa, na mfuatano huo ndio unaouziwa. Sisi wa mikoa ya mahindi tunaweza kulielewa hili upesi. Mahindi unaweza kuyala, kuyasaga au kuyapanda tena mvua zikianza; unga unaweza kuupika tu, na hakuna mashine ya kuurudisha kuwa mbegu. Windows inakuja kama unga. Ipo mikononi mwako, unaitumia, lakini huwezi kuona ilivyoandikwa, na hata ungeweza kubahatisha sehemu fulani, leseni uliyoikubali kwa kubofya inakukataza kuibadilisha na kuigawa. Ndiyo maana ahadi ya kampuni ikiisha hakuna wa kuipokea.

Mtu wa kwanza kulipigia kelele jambo hili kwa utaratibu ni Richard Stallman, aliyekuwa akifanya kazi kwenye maabara ya akili mnemba ya chuo cha MIT, Marekani. Chanzo kilikuwa printa. Ile ya zamani ilipokwama karatasi, yeye na wenzake walikuwa wameiandikia programu ya kuwajulisha, kwa sababu msimbo wake walikuwa nao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 maabara ilipata printa mpya ya leza kutoka Xerox, nzuri zaidi, lakini programu yake ilikuja bila msimbo. Ilikwama kama nyingine zote, ila safari hii hawakuweza kufanya chochote. Stallman alimfuata mtafiti wa chuo kingine aliyekuwa na nakala ya msimbo, naye akakataa kumpa kwa sababu alikuwa amesaini mkataba wa siri. Kila ninapokisoma kisa hiki nashangaa jinsi kilivyo kidogo. Mtu alitaka tu kuambiwa karatasi imekwama.

Septemba 1983 akatangaza mradi wa GNU, wa kuandika mfumo endeshi mzima ambao kila mtu atakuwa huru kuutumia, kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Mwaka 1989 ikatoka leseni yake, GPL, na hapa ndipo ninapoona ustadi mkubwa kuliko hata programu zenyewe. Sheria ya hakimiliki ilitumika kufungia. GPL ikaitumia sheria ileile kufungulia. Inasema: chukua, badilisha, hata uza ukitaka, lakini ukimpa mtu mwingine programu hii lazima umpe na msimbo wake pamoja na haki hizohizo. Kwa hiyo hakuna mjanja anayeweza kuokota kazi ya wengi, akaiongezea kidogo, akaifunga na kuiuza kama yake.

GNU walikuwa na programu nyingi lakini walikosa kiini, ile sehemu ya ndani kabisa inayozungumza na chuma. Tarehe 25 Agosti 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki aitwaye Linus Torvalds, mwenye umri wa miaka 21, alitangaza kwamba anaandika mfumo wake kwa kujifurahisha, na kwamba hautakuwa kitu kikubwa. Mwaka uliofuata aliuweka chini ya GPL. Kiini hicho, Linux, leo kimo ndani ya kila simu ya Android iliyopo kwenye daladala za Uyole, na tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zenye nguvu kuliko zote duniani zinaendeshwa nacho.

Hapa watu wengi hupotea, kwa hiyo nitakwenda polepole. Unapobonyeza kitufe cha kuwasha, kinachoamka kwanza si Windows wala Linux. Ni programu ndogo iliyo kwenye chipu ya bodi kuu, zamani BIOS, siku hizi UEFI. Inakagua ramu na kibodi, inatafuta diski, kisha inakabidhi kazi kwa kiini. Kiini ndicho kinachogawa muda wa prosesa na nafasi ya ramu kati ya programu zinazoshindana, na kinazungumza na kamera, spika au Wi-Fi kupitia vipande viitwavyo draiva. Juu yake kuna mazingira unayoyaona kwa macho: dirisha, menyu, alama za kubofya. Juu kabisa ndipo zilipo programu za kazi, kama Firefox ya kuvinjari au LibreOffice ya kuandikia barua na kupigia hesabu.

Linux kwa maana yake halisi ni kile kiini tu. Wanaokusanya kiini na maelfu ya programu nyingine, wakazijaribu pamoja na kutoa kitu kinachoweza kuwekwa kwenye mashine, wanatengeneza kinachoitwa distro. Debian ilianza 1993, Ubuntu 2004 ikiwa imejengwa juu ya Debian, Linux Mint 2006 ikiwa imejengwa juu ya Ubuntu. Mnyororo huo uliwezekana bila mtu kumwomba mwenzake ruhusa, kwa sababu ruhusa imo ndani ya leseni. Na mtu anayesema aliwahi kujaribu Linux akaichukia, ukimdodosa utagundua alichochukia ni mazingira ya dirisha ya distro moja. Angeweza kuyabadilisha bila kugusa kiini. Kwa aliyezoea Windows, Mint haitishi kama nyingine: menyu iko pembeni chini, kitufe cha kufunga kiko pale alipokizoea.

Sasa turudi kwenye chuma, maana sehemu kubwa ya malalamiko ya "kompyuta nzito" haihusiani na mfumo endeshi. Inahusiana na diski. Laptopu nyingi za zamani zina diski ya sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa kinachoruka huku na huko kutafuta data. Kutafuta kipande kimoja kidogo huchukua takriban milisekunde 15. SSD, diski ya chipu tupu, haina kinachozunguka, na kazi hiyohiyo huimaliza kwa kama sehemu ya kumi ya milisekunde moja. Kufungua mfumo endeshi wa kisasa ni kusoma maelfu ya vipande vidogo, wakati huohuo kinga ya virusi nayo inasoma, na masasisho nayo yanasoma. Piga hesabu mwenyewe. Laptopu inayotumia dakika kadhaa kuwaka, ikiwekewa SSD ya GB 256, itawaka kwa sekunde kadhaa. Ningekuwa na fedha ya kufanya jambo moja tu kwa mashine ya mwaka 2014, ningefanya hilo kabla ya kufikiria mfumo gani uwekwe.

Ramu inafuata. GB 4 zinatosha kuandika barua, lakini kivinjari chenye kurasa nyingi zilizofunguliwa kitazimeza zote, na mfumo utaanza kutumia diski kama ramu ya akiba, ndipo kila kitu kinaganda. GB 8 ni pa kupumulia. Kabla ya kununua hakikisha aina: DDR3 na DDR4 haziingiliani kabisa, na baadhi ya laptopu hukataa DDR3 ya volti 1.5 zikitaka DDR3L ya volti 1.35. Laptopu nyembamba nyingine ramu yake imelehemewa kwenye bodi, haiongezeki. Fundi mzuri huangalia hayo kabla ya kupokea fedha.

Halafu kuna vumbi. Kuanzia Julai hadi mvua zinaporudi, vumbi la Mbarali na Chunya huingia kwenye feni likajenga blanketi juu ya mapezi ya kupoozea, na ile pasta iliyo kati ya prosesa na chuma cha kupoozea hukauka kwa miaka. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia mwendo ili isiungue. Mwenye mashine huona tu kwamba imekuwa nzito, akaambiwa imezeeka. Kusafisha na kupaka pasta mpya ni kazi ya chini ya saa moja.

Kuna hitilafu nyingine inayonisikitisha kwa sababu ni ndogo mno. Kwenye bodi ya kompyuta ya mezani, na kwenye laptopu nyingi za zamani, kuna betri ya duara kama kitufe, CR2032 ya volti 3, inayotunza saa wakati mashine imezimwa. Ikiisha, kila umeme ukikatika saa inarudi nyuma miaka mingi. Kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayodhani iko mwaka 2009 huona cheti cha leo bado hakijaanza kutumika, na inakataa kufungua ukurasa. Mtu anaona maonyo ya kutisha kila tovuti, anaambiwa ana virusi, analipia "kupiga Windows" upya, na wiki ikifika, umeme ukikatika, maonyo yanarudi. Betri hiyo inauzwa hata kwenye maduka ya saa.

Hiyo "kupiga Windows" yenyewe inahitaji maneno ya wazi. Mara nyingi kinachowekwa ni nakala isiyolipiwa, iliyofunguliwa kwa kiprogramu cha kuhadaa leseni. Sina nia ya kumhukumu mtu anayetafuta riziki. Leseni halali inaweza kuwa sehemu nzito ya bei ya laptopu yenyewe. Ninachosema ni hiki: kiprogramu hicho mara nyingi hutaka kwanza uzime kinga ya virusi, kisha ukipe mamlaka yote juu ya mashine, na wewe hujui nani alikiandika wala kinafanya nini kingine. Umempa mtu usiyemjua ufunguo wa nyumba ili akusaidie kufungua dirisha. Wapo pia wanaolazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine isiyokubalika. Inawezekana, na kwa siku nyingi huenda usione tatizo, lakini unakaa bila uhakika wa kuendelea kupata viraka, yaani unarudi kwenye tatizo lilelile ulilokuwa ukilikimbia.

Distro ya Linux haina hila hiyo. Faili la kusakinishia Mint lina ukubwa wa takriban GB 3. Kwa mtu mmoja wa Tukuyu anayeishi kwa bando la siku, hizo ni nyingi. Lakini fundi mmoja akilipakua mara moja usiku, anaweza kulinakili kwenye flashi za mtaa mzima, akapeleka Chunya, akampa mwenzake wa Njombe, na kila nakala ni halali. Anaweza kutoza fedha kwa kazi yake bila kuiba cha mtu. Kwa eneo ambalo intaneti bado ni ghali, nafasi hii naiona kubwa kuliko hata suala la bei ya leseni.

Yapo yasiyowezekana, na asiyeyataja anawadanganya watu. Photoshop na AutoCAD hazina toleo la Linux. Programu ya uhasibu iliyoandikwa kwa ajili ya Windows pekee inaweza kugoma. Kuna programu iitwayo Wine inayojaribu kuziendesha programu za namna hiyo, na hufaulu kwa baadhi tu. LibreOffice, iliyojitenga na OpenOffice.org mwaka 2010, hufungua mafaili ya Word na Excel, lakini faili la Excel lenye makro nyingi huweza kuvurugika, na barua yenye mpangilio mgumu huweza kusogea mistari. Mwalimu anayepokea kutoka juu faili maalumu la kujazia alama ajaribu faili hilohilo kwanza. Chipu nyingine za Wi-Fi hudai programu ndogo iliyofungwa kutoka kiwandani, ndiyo maana Debian tangu toleo la 12 la mwaka 2023 imeanza kuziweka hizo kwenye faili lake la kusakinishia ili watu wasikwame. Na hata wapenda programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kama Linux, huachana na vya zamani: Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena kisakinishi kwa prosesa za biti 32. Tofauti ni kwamba msimbo wa toleo lililopita uko wazi, na kundi lolote lenye nguvu na sababu linaweza kuendelea kuutunza bila kuomba kibali.

Neno "kundi lenye nguvu" halipaswi kupita hivihivi. Watu hudhani programu huria zinaandikwa na watu wa kujitolea usiku, wasiolipwa. Kwa kiini cha Linux si hivyo. Sehemu kubwa ya mabadiliko huletwa na waajiriwa wa kampuni kama Intel, Google na Red Hat, kwa sababu biashara zao zinakitegemea. Lakini chini yake kuna programu nyingi ndogo zinazobebwa na mtu mmoja au wawili. Machi 2024 dunia iliona hatari yake. Kuna programu ya kubana mafaili iitwayo xz, imo karibu kila distro, na kwa miaka mingi ilitunzwa hasa na mtu mmoja kwa muda wake wa ziada. Alitokea mchangiaji aliyejiita Jia Tan, akasaidia kwa uvumilivu zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa, akapewa mamlaka, kisha akapenyeza mlango wa siri ambao ungemwezesha kuingia kwenye seva za watu. Andres Freund, mhandisi aliyekuwa akipima mwendo wa hifadhidata, aliona kuingia kwenye mashine yake kunachelewa kwa nusu sekunde hivi. Hakulipuuza. Akafuatilia hadi akaufikia mlango wenyewe, kabla haujasambaa kwenye matoleo makuu.

Wapo wanaolitumia tukio hilo kusema uwazi ni hatari. Mimi nalisoma kwa pande zote mbili. Mvamizi alipenya kwa sababu mtunzaji alikuwa peke yake na amechoka, na kampuni tajiri zilizotumia kazi yake hazikumuuliza anahitaji nini. Freund naye hakuwa mtunzaji wa xz. Alikuwa mtu wa pembeni, na aliweza kuchimba kwa sababu hakuna aliyekuwa na haki ya kumfungia mlango. Uwazi unatoa nafasi ya kuangalia, lakini lazima pawepo wa kuangalia.

Na sisi je, tuko wapi katika hili? Tumo ndani zaidi ya tunavyodhani. Takwimu za zahanati, zile zinazojazwa kwenye vitabu vya MTUHA (vya taarifa za huduma za afya) huko Makete au Rungwe, huishia kwenye mfumo uitwao DHIS2. Ni programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, iliyotokana na kazi iliyoanzia Afrika Kusini miaka ya 1990, na Wizara ya Afya yetu inaitumia nchi nzima. Watanzania wameichangia na kuirekebisha kwa mahitaji ya hapa, jambo ambalo lisingewezekana kama ingekuja kama unga. Kabla ya hapo, mwaka 2004, mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kiofisi yenye menyu za Kiswahili. Hakuna aliyesubiri kampuni ya nje iamue kama soko la Kiswahili linalipa.

Ndiyo maana naumia nikiona chumba cha kompyuta cha shule kimefungwa kufuli, mashine kumi na kitu zimefunikwa vitambaa, eti zimepitwa. Wanafunzi wanaojifunza kuandika, kupiga hesabu kwenye majedwali na kuanza kuprogramu kwa Python hawahitaji zaidi ya kilichomo humo. Mtoto wa kidato cha pili anaweza hata kufungua msimbo wa programu anayoitumia na kuona jinsi mtu mzima alivyoandika. Kwa Windows yenyewe mlango huo haupo kabisa, awe na akili kiasi gani.

Kama una mashine inayokataliwa na Windows 11, usianze kwa kufuta chochote. Nakili kwanza mafaili yako mahali pengine. Tafuta flashi tupu ya GB 8 au zaidi, pakua faili la Mint au Ubuntu, liandike kwenye flashi kwa Rufus, ambayo nayo ni programu huria ya Windows. Zima mashine, chomeka flashi, washa huku ukibonyeza F12 kama ni Dell au Lenovo, F9 kama ni HP, kisha chagua flashi. Mfumo utafunguka kutoka kwenye flashi yenyewe bila kugusa diski, taratibu kidogo kuliko utakavyokuwa ukisakinishwa. Jaribu Wi-Fi. Piga muziki usikie spika, washa kamera, funga kifuniko halafu fungua uone kama inaamka. Unganisha printa ya ofisini uchape ukurasa. Fungua lile faili la Excel linalokutia wasiwasi. Kimoja kikigoma, andika jina la mashine na la chipu inayogoma, umpelekee fundi. Vyote vikikubali, ndipo uzungumzie SSD na bei ya kusakinisha. Na ukiona hakufai, zima, chomoa flashi, washa tena. Windows yako itafunguka kama ulivyoiacha.